Limfoma si Lipoma

Najua wapo watakaojiuliza: huyu ni mtu wa uhandisi, mambo ya hospitali yanamhusu nini? Yananihusu kwa sababu nilisoma vibaya neno moja, na ami yangu akalilipia kosa hilo kwa miezi minne ya maisha yake.

Mwaka 2022 nilikuwa Qalhat, Omani, kwa ajili ya utafiti wangu wa shahada. Kwa wasiopajua, Qalhat ni mahali padogo pa pwani, kilomita ishirini na kitu kutoka mji wa Sur. Upande mmoja pana magofu ya mji wa kale na kaburi la Bibi Maryam, ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Jirani yake pana kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika, kilichoanza kusafirisha shehena mwaka 2000. Gesi hupoozwa mpaka nyuzi 162 chini ya sifuri, nami nasoma jinsi viungo vya chuma vilivyochomelewa vinavyostahimili baridi ya namna hiyo. Malazi yangu yalikuwa Sur kwa ami, aliyehama Unguja miaka ya 1970. Nyumbani kwake Kiarabu kinaishia sebuleni, jikoni ni Kiswahili kitupu.

Ami alikuwa na uvimbe begani tangu sijazaliwa. Daktari alishauangalia zamani akasema ni lipoma, yaani mafuta, na hauna neno. Mwaka ule akaota mwingine shingoni. Hospitali wakamkata kinyama, na baada ya siku kadhaa akapewa barua kwa Kiingereza, akaambiwa harakaharaka kwa Kiarabu kwamba aende Maskati. Mwanawe akanipigia simu niko kazini, upepo unavuma na mashine zinanguruma, akanisomea jina herufi moja moja. Mimi, msomi wa ukoo, nikasikia nilichotaka kusikia. Nikamwambia, "Aa, hilo ni lile lile la begani. Mafuta tu. Mwambie mzee asiwe na wasiwasi."

Barua ilikuwa imeandikwa limfoma.

Basi ikawa mafuta gani ya kumfunga mtu safari ya Maskati? Kwanza palikuwa na harusi, kisha mgeni kutoka Zanzibar, kisha tukasema tungoje joto lipungue. Miezi minne. Alipoanza kutoka jasho la usiku mpaka shuka zinaloa, na nguo zinampwaya, ndipo tulipoitoa barua kabatini na kuisoma upya.

Mwaka uliofuata, kwenye nyumba ile ile, mambo yakageuka kichwa chini miguu juu. Binti ya ami, miaka 22, alijigusa uvimbe kwenye titi. Kinyama kikakatwa, karatasi ikaja: fibroadenoma. Nyumba nzima ikalia. "Ina oma mwishoni, kama ya baba!" Kabla jioni haijafika habari imeshatoka nje, na upande wa mchumba wametuma mtu kuulizia kama ni kweli bibi harusi ana saratani. Hana, wala hakuwa nayo. Fibroadenoma ni uvimbe wa kawaida kwa wasichana, si saratani. Lakini tulimliza mtoto wa watu siku tatu, na uchumba nusura uvunjike.

Karatasi mbili, nyumba moja. Jina la kutisha tukalipokea kwa usingizi, na jina la kupoa tukalipokea kwa msiba. Hapo ndipo nilipokaa chini kujifunza majina haya, na ndiyo sababu ya makala hii. Hoja yangu ni moja: jina la uvimbe ni habari, na habari hiyo ni mali ya mgonjwa. Tujifunze kuisoma, na tuache kuificha.

Tuanze na neno lenyewe. Tyuma kwa Kilatini ni uvimbe tu, wa aina yoyote. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa karibu mwaka 1331, baadaye alishuka Sur akadhani Qalhat ni pale pale, akaenda kwa miguu. Mwongozaji wake alikuwa akiitamani mizigo yake njia nzima. Alipofika, miguu ilikuwa imevimba hata hawezi kusimama, akalala kwa mkuu wa mji siku sita. Mganga wa Kirumi angeita hali ile tyuma. Leo madaktari wakitumia neno hilo wana maana seli za mwili zilizozaliana bila mpango na kujenga kitu kisichohitajika.

Lugha yetu wala si maskini wa majina ya uvimbe. Tuna jipu, rovu la shingoni, busha, chunjua, nundu na mtoki wa kwapani. Kila moja lina mahali pake na hakuna anayelichanganya na jingine. Hakuna mtu aliyeitiwa msiba kwa sababu ya jipu. Lakini tukifika kwenye uvimbe wa seli, tunatupa vyote kapu moja na kunong'ona.

Hospitali za Omani wanagawa mafungu mawili kwa Kiarabu: waram hamid na waram khabith. Sikilizeni vizuri, maana maneno haya ni jamaa zetu. La kwanza linatokana na sifa njema, ndilo lililotupa jina Hamidi. La pili ndilo habithi letu, mtu muovu. Kilatini kimefanya vivyo hivyo: wa kwanza mpole, wa pili mwenye nia mbaya. Hamidi hukua mahali pake, mara nyingi polepole, mara nyingi ndani ya kifuko chake, na hatumi watoto wake mbali. Habithi huchimba na kuingia kwenye nyama ya jirani, na seli zake huweza kupanda mishipa ya damu au ya limfu na kwenda kuanzisha makazi mapya kwenye mapafu, ini, mfupa au ubongo. Huyo ndiye saratani. Neno saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule wa baharini. Kansa kwa Kilatini ni kaa. Na Kigiriki cha kaa ndicho kilichozaa neno karsinoma. Waganga wa kale waliona mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe wakaifananisha na miguu ya kaa. Kwa hiyo anayebishana kama mgonjwa ana "saratani" au "kansa", kama vile ni maradhi mawili, anabishana juu ya kaa yule yule.

Sasa majina yenyewe. Kanuni ya jumla ni rahisi. Uvimbe hamidi hupewa jina la nyama ulikoanzia, kisha mwisho wa -oma. Wa mafuta ni lipoma. Wa tezi ni adenoma. Wa nyuzi na tezi pamoja ni fibroadenoma. Ule wa kizazi ambao akina mama wanauita faibroidi, kitabuni ni leiomioma, wa misuli laini. Uvimbe habithi nao una majina makubwa mawili. Ukianzia kwenye utando unaofunika mwili na viungo vya ndani, au kwenye tezi, ni karsinoma. Saratani nyingi za watu wazima ziko hapa, kama titi, mlango wa kizazi, utumbo na tezi dume. Ukianzia kwenye mfupa, misuli, mafuta na nyama nyingine za kushikilia mwili, ni sakoma. Hivyo osteoma ni uvimbe mpole wa mfupa, osteosakoma ni saratani ya mfupa. Lipoma ni mafuta, liposakoma si mzaha.

Kama mambo yangeishia hapo nisingeharibu. Tatizo ni kwamba kanuni hii ina mitego. Limfoma, melanoma, mieloma, seminoma na mesothelioma yote yana sauti ya upole, na yote ni saratani. Wahandisi wenzangu hili la mwisho mlishike: mesothelioma mara nyingi huletwa na vumbi la asbesto, ile iliyokuwa ikifungwa kwenye mabomba na meli. Majina yanayoishia na -blastoma mengi ni saratani za watoto, kama retinoblastoma ya jicho, ambayo dalili yake moja ni mboni kung'aa nyeupe kwenye picha ya simu. Upande mwingine kuna -oma ambazo si uvimbe wa seli kabisa: hematoma ni damu iliyovilia, na trakoma, ambayo wengi wetu tuliisikia skuli, ni maambukizi ya macho. Lukemia nayo ni saratani ya damu, na haina uvimbe wa kushika wala -oma. Kwa hiyo mwisho wa neno peke yake hautoshi. Lisomwe neno zima, herufi kwa herufi.

Naomba nieleweke jambo lingine. Hamidi hana maana ya kupuuzwa, na habithi hana maana ya kaburi. Meninjioma mara nyingi ni mpole, lakini anaishi ndani ya fuvu ambalo halitanuki, akikua anaubana ubongo. Faibroidi humwaga damu mpaka mama anaishiwa nguvu. Na kwa upande wa habithi, mfano mzuri umetoka kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, pale Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa kutisha wa taya. Mwaka 1958 aliandika habari zao akiuita sakoma. Wanapatholojia walipouchunguza vizuri wakaona kwamba ni limfoma. Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walifunga safari ya gari ya kama kilomita 16,000, hospitali hadi hospitali mpaka kusini mwa Afrika, wakichora ramani ya maradhi yale. Mwaka 1964, kutokana na vipande vilivyopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala, Epstein, Achong na Barr wakagundua kirusi ambacho leo kina majina ya Epstein na Barr.

Kwa nini nawasimulia haya? Kwa sababu jina lilipobadilika, tiba nayo ilibadilika. Sakoma unafikiria kisu; kisu kwenye taya la mtoto wa miaka sita. Limfoma unafikiria dawa. Miaka ya 1960, hapo Kampala na Nairobi, dawa ziliyeyusha uvimbe ule kwa watoto, na wapo waliopona moja kwa moja. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa kwa dawa. Jina sahihi liliokoa taya na roho.

Kwenye kazi yangu hili si geni. Tunapiga eksirei kwenye kiungo cha bomba kama daktari anavyopiga kifua. Kwenye picha unaona vidoadoa na vistari. Kikiwa kitundu cha hewa, tunapima. Kikiwa ndani ya kiwango, bomba linapita. Ukiwa ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, unakataliwa, kwa sababu ufa hutembea. Fundi akiandika kitundu mahali pa ufa, bomba litapasuka, na hakuna atakayemwuliza kama alikuwa na nia njema. Mimi nalijua hili kwa chuma, nikalisahau kwa shingo ya ami yangu.

Na hapa niwavunjie watu uongo mmoja unaoua. Wapo wanaosema kisu kinaamsha kansa, eti ukikatwa kinyama ndiyo imeshatawanyika. Jamani, sivyo. Eksirei na picha nyingine zinaonyesha kivuli; jina la uhakika kwa kawaida hutoka kwa mtu wa patholojia anayeangalia kipande kwenye hadubini. Wanaodhani kisu kiliwaletea balaa, wengi walikwenda hospitali wakati balaa limeshaenea. Jina likishapatikana, yabaki mawili ya kuuliza: daraja na hatua. Daraja linaeleza jinsi seli zilivyo na fujo chini ya hadubini. Hatua inaeleza zimefika wapi mwilini. Mimi najikumbusha hivi: jina ni ukoo, daraja ni tabia, hatua ni safari. Ami alipopata barua, uvimbe ulikuwa umeshikika shingoni tu. Tulipomfikisha Maskati, ulikuwa na wenzake tumboni, hatua ya tatu.

Nije kwenye lililo gumu zaidi, nalo ni la kwetu wenyewe wala si la Kilatini. Hata tulipoujua ukweli, hatukumwambia. Kikao cha familia kilikaa bila mwenyewe. Tukaamua aambiwe ni mafuta yaliyoingia baridi, na ile dripu ni ya kuyayeyusha. Tulijiona wenye huruma. Wiki ya pili mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwuliza, "Na wewe limfoma yako ni ya aina gani?" Mzee akanyamaza. Nilipoingia jioni akaniambia maneno ambayo bado yananichoma: "Mwanangu, mimi nimevuka bahari na watoto wanne bila kujua nitakula nini. Mmeona jina moja litanishinda?"

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Wapo wagonjwa ambao wakiambiwa wanakata tamaa, wanageukia ukuta. Wapo ambao wenyewe wanasema, ongeeni na mwanangu, mimi sitaki kujua. Huyo aheshimiwe. Lakini huyo kaulizwa, akachagua. Kumwuliza mgonjwa anataka kujua kiasi gani ni adabu; kumwamulia kimya kimya ni kumfanya mtoto. Tena siri yenyewe haikai. Waswahili walishasema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mgonjwa anasoma nyuso zetu, na uongo wetu unamwacha peke yake na hofu isiyo na jina. Juu ya hayo, mtu asiyejua anaumwa nini hawezi kumwambia daktari dalili zinazotakiwa, wala hawezi kuelewa kwa nini dawa zinazomtapisha asiziache.

Sasa tufanye nini? Sitaki kumaliza kwa kulalamika. Kwanza, kila mmoja wetu, akipokea simu kutoka nyumbani, asifasiri kwa kichwa. Mwombe atume picha ya karatasi, kisha umpelekee mtu wa udaktari. Sisi tulio masomoni tunaaminiwa kuliko tunavyostahili. Ukisema "si kitu", watu wazima wanalala. Pili, mgonjwa aende na maswali matano kwenye karatasi: Jina kamili ni nini, niandikie? Ni saratani au si saratani? Limetoka kwenye kinyama au kwenye picha tu? Daraja na hatua ni ngapi? Kinachofuata ni nini, na mwisho lini? Lile la tano ndilo lingetuokoa sisi.

Tatu, naomba hospitali, za Omani na za kwetu, ziweke mstari mmoja tu chini ya ripoti kwa lugha ya mwenye mwili: "Huu ni uvimbe wa saratani, fika kliniki kabla ya tarehe fulani", au "Huu si saratani". Mstari huo haugharimu mashine wala wino wa kutisha. Nne, wanajumuiya wenzangu mnaosoma udaktari, nawatupia changamoto: tuandikieni ukurasa mmoja wa majina haya kwa Kiswahili fasaha, tuupeleke nyumbani Dar, Mombasa, Kampala, Bujumbura na Goma. Mimi nitachapa nakala.

Msiulize sana juu ya ami, yupo. Alimaliza mizunguko ya dawa, nywele zikaota tena, nyeupe zaidi, na sasa huenda Maskati kwa uchunguzi tu. Binti yake ameolewa, na ile fibroadenoma anapimwa mara kwa mara, haina fujo. Mara ya mwisho nilipokuwa Sur tulikaa barazani tunakunywa kahawa. Mzee akajipapasa begani, pale penye lipoma yake ya miaka thelathini, akacheka: "Huyu Hamidi hana ubaya. Lakini wewe msomi, ukimwona mwenziwe, msome mpaka herufi ya mwisho."

Nawasilisha. Wasalaam.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Idara ya Uhandisi.